KABURI, MAZIARA NA MPUNGI: MAJINA YA MAHALI PA WAFU KATIKA MILIMA YA UPARE

Miongoni mwa maneno ambayo mfasiri huyapita bila kusimama limo neno kaburi. Humjia upesi, kila msomaji analijua, na kamusi zote zinalikubali. Hata hivyo yako maneno ambayo kujulikana kwake ndiko kunakoyatia hatari, kwa kuwa mtumiaji hajiulizi yanabeba nini na yanaacha nini. Makala haya yanakusudia kulitazama neno hilo pamoja na jamaa zake, yaani mava, maziara, maziko na mizimu, kwa kuyapima mahali pamoja: Wilaya ya Same na Milima ya Upare kwa jumla. Tumepachagua hapo kwa sababu desturi ya zamani ya huko ya kuwahifadhi wafu haikuishia kaburini. Kwa hiyo karatasi ya serikali inayouliza habari za makaburi inaweza kupata jibu ambalo ni la kweli na papo hapo linapotosha.

Tuanze na neno lenyewe. Kaburi limetoka katika Kiarabu, qabr, nalo limeingia katika ngeli ya wingi wa ma- bila taabu yoyote: kaburi, makaburi. Inafaa ikumbukwe kwamba Kiarabu chenyewe kina neno maqabir kwa maana ya viwanja vya kuzikia, na yamkini kufanana huko kulilisaidia neno kuzoeleka, kwani aliyejua Kiarabu na asiyekijua walisikia makaburi kila mmoja kwa sikio lake na wote wakaelewana. Maana yake ni shimo lililochimbwa ardhini, akalazwa ndani yake maiti, likafukiwa. Palipo na mashimo mengi ya namna hiyo huitwa makaburini. Kwa maneno mengine, Kiswahili cha bara hakina jina la peke yake la kiwanja cha wafu. Hukitaja kwa wingi wa kaburi, kama vile mtu angeuita mji kwa jina la nyumba nyingi.

Pwani mambo ni mengine kidogo. Unguja na sehemu za Mombasa liko neno mava, na anayekwenda kuzika husemwa kwamba amekwenda mavani. Neno hili hutaja kiwanja chenyewe, halitaji shimo moja moja, na lau lingaliwahi kuenea bara lingalitupunguzia kazi. Liko pia maziara. Hili lina asili ya Kiarabu yenye maana ya kuzuru, na kwa mwanzo wake halimtazami maiti wala udongo, bali humtazama aliye hai anayefika, anayesimama na kuomba dua. Kaburi la shehe anayeheshimiwa ni ziara kwa sababu watu hulizuru. Tafadhali msomaji aishike tofauti hiyo, maana tutairudia: kaburi ni jina la kilichofanywa kwa mfu, na maziara ni jina la kinachofanywa na walio hai.

Neno la nne ni maziko, na hapa Kiswahili kinatumia mali yake chenyewe. Kitenzi zika ni cha Kibantu, nacho kimezaa majina mawili yanayochanganywa kila siku. Tamati -o aghalabu hutaja mahali pa tendo au matokeo yake, kama katika makao, machimbo, malisho na makutano. Tamati -i, ikifuata sauti k, huigeuza kuwa sh na kutaja tendo au namna yake: pika hutoa mapishi, andika hutoa maandishi, tamka hutoa matamshi, na zika hutoa mazishi. Kwa kanuni hiyo mazishi yangepaswa kuwa shughuli yenyewe, na maziko yangeweza kuwa mahali pake. Matumizi hayakufuata kanuni. Watu wa pwani hupenda kusema maziko hata kwa shughuli, watu wa bara husema mazishi, na magazeti yetu yameshika mazishi moja kwa moja. Nafasi iliyokuwa wazi kwa jina la mahali imebaki wazi. Hatusemi kwamba haiwezi kujazwa leo, lakini tutaona kwamba hata ikijazwa, Upareni itapwaya.

Sasa tupande milimani. Safu ya Upare imenyooka kutoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi, kati ya Milima ya Usambara na Mlima Kilimanjaro. Mpaka mwaka 1979 eneo lote lilikuwa wilaya moja ya Pare yenye makao makuu Same. Baada ya hapo sehemu ya kaskazini, pamoja na Usangi na Ugweno, ikawa Wilaya ya Mwanga, na sehemu ya kusini, pamoja na Mbaga, Chome, Suji, Mamba na Gonja, ikabaki katika Wilaya ya Same. Wenyeji kwa lugha yao hujiita Vaasu, na lugha yao ni Chasu. Chasu ni jirani wa Kiswahili kwa asili, na kwa muda mrefu njia ya misafara iliyopita chini ya milima ilileta Kiswahili mpaka mlangoni. Mtu wa Same husema lugha zote mbili bila kusitasita, na hapo ndipo mtego ulipo: kwa kuwa wenyeji wanakijua Kiswahili, mtumishi wa serikali hudhani kwamba maneno yake ya Kiswahili yanatua katika mambo yale yale.

Desturi yenyewe tutaieleza kwa ufupi kadiri inavyohitajiwa na suala la istilahi. Zamani, mtu mzima alipofariki alizikwa karibu na makao yake. Hilo ni kaburi kwa maana kamili ya neno. Lakini kwa wakubwa wa ukoo safari haikuishia hapo. Baada ya muda kupita na mwili kuoza, wazee walifukua, wakalitoa fuvu, wakalichukua mpaka mahali pa ukoo palipotengwa: pangoni, chini ya jiwe kubwa, au katika kichaka cha miti isiyokatwa. Huko fuvu liliwekwa pamoja na ya waliotangulia, mara nyingi ndani ya chungu au chini ya chungu. Tangu siku hiyo shimo la kwanza lilikuwa udongo tu. Mwenye shida, mwenye mgonjwa, au ukoo uliokosa mvua, hawakwenda kwenye shimo. Walikwenda palipo na mafuvu, wakapeleka pombe na nyama, wakasema na wazee wao kwa majina. Desturi haikuwa sawa katika koo zote wala katika pande zote za milima, na asiyekuwa mtu wa ukoo hakupaswa hata kuonyeshwa njia. Jamaa wa karibu wa desturi hii wapo ng'ambo ya mpaka, katika Milima ya Taita nchini Kenya, ambako mafuvu yalipangwa katika mapango ya kila ukoo.

Kwa hiyo kulikuwa na mahali pawili, na kila mahali palihitaji jina lake. Mahali pa kwanza palikuwa pa kuzika. Mahali pa pili hapakuwa pa kuzika hata kidogo, kwani fuvu halikufukiwa, liliwekwa. Kitenzi zika, pamoja na watoto wake wote, hakifiki pale. Maziko hayafiki, mazishi hayafiki, wala kaburi halifiki.

Walioanza kuandika habari za Upare kwa lugha za Ulaya waliliona jambo hili na wakalipa majina waliyotaka wao. Misheni ya Kilutheri ya Leipzig ilikuwa na kituo Mbaga, na mchungaji wake Jakob Dannholz alichapisha mwaka 1916 kitabu cha Kijerumani ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa Katika Kifungo cha Imani ya Mizimu. Ernst Kotz wa misheni ya Waadventista, ambaye mwaka 1909 alikuwa amekwisha kuchapisha sarufi ya Chasu, alitoa mwaka 1922 kitabu chake juu ya mila za Wapare, nacho kikaitwa Katika Kifungo cha Hofu. Madhehebu mawili yaliyoshindania milima ile ile yalikubaliana katika neno moja, kifungo. Vitabu hivyo vina habari nyingi za thamani, na mtafiti wa leo hana budi kuvisoma, lakini mlango wake umeandikwa hukumu kabla mgeni hajaingia. Mlango huo ndio ambao Kiswahili cha shule na cha ofisi kilipitia kilipokuja kuchagua neno lake.

Neno hilo lilikuwa mizimu. Tunalisikia mpaka leo: mapango ya mizimu, msitu wa mizimu, mahali pa mizimu. Kwa asili neno mzimu si la matusi. Wengi hulihusisha na zima, yaani kitu kilichozimika, na linapatikana kwa sura hii au ile katika lugha nyingi za Kibantu zikimaanisha mzee aliyekufa ambaye bado anahesabiwa katika ukoo. Kiswahili cha zamani kililitumia pia kwa mahali penyewe panapotambikiwa. Ila Kiswahili kimelitenda neno hili mambo mawili. Kwanza kimelitoa katika ngeli ya watu na kuliweka katika ngeli ya miti: hatusemi wazimu tukikusudia wafu, kwa maana wazimu tumewapa wenye kuchanganyikiwa akili. Pili, dini zote mbili kubwa zilipoenea, mzimu ulisogezwa karibu na pepo na shetani, mpaka katika hadithi za watoto umekuwa kitu cha kutisha usiku. Mzee wa Mbaga akiambiwa na karani kwamba ukoo wake una mahali pa mizimu, hasikii kutajwa kwa babu yake. Anasikia akishtakiwa. Na katika kijiji chenye makanisa na misikiti, mtu anayeulizwa kwa neno hilo mbele ya wenzake atajibu kwamba hakuna. Ni nani atakayejibu vinginevyo?

Chasu chenyewe kina maneno yake, na mawili yamekwisha kuingia katika maandishi ya wataalamu. Kaskazini mwa Upare, mahali patakatifu pa ukoo panapohusiana na wazee waliokufa huitwa mpungi. Mwanahistoria Isaria Kimambo, ambaye kitabu chake juu ya historia ya utawala wa Wapare kilichapishwa mwaka 1969, na watafiti wa misitu waliomfuata, wamelizoeza neno hilo kwa wasomaji wa nje. Neno la pili ni mshitu, ambao ni msitu wa jando, yaani mahali vijana walipofundishwa siri za utu uzima. Mfasiri aangalie sana hapa. Mshitu na msitu ni neno moja kwa asili, na anayesahihisha maandishi anaweza kudhani kwamba mwandishi amekosea tahajia, akaifuta sh na kuandika s. Kwa herufi moja iliyofutwa, shule ya kabila imegeuka kuwa miti. Kuhusu mpungi nako tuwe waangalifu kwa upande mwingine: sikio la Mswahili litakumbuka kupunga pepo, na mtu mwenye haraka atakwisha kuandika kwamba neno limetoka huko. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi wa asili ya neno, na Baraza lolote la lugha likianza kukubali nasaba za namna hiyo halitapata pa kukomea.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mazungumzo ya wapenda mila, na kwamba ofisi ina kazi nyingine. Basi tuingie ofisini. Tanzania ina Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo katika mpangilio wa sheria zetu ni Sura ya 72. Sheria hii humwezesha Waziri kuamuru kaburi lihamishwe endapo ardhi lilipo inahitajiwa kwa manufaa ya umma, na hutambua gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya. Ni sheria ya busara, na imetumika mahali pengi palipojengwa barabara na mitaa. Iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021, Bunge lilipotamka kwa sheria kwamba lugha ya sheria za nchi ni Kiswahili, kazi ya kuzifasiri sheria kama hizi imekuwa wajibu wa serikali, na neno litakalowekwa katika tafsiri litakuwa ndilo sheria yenyewe.

Hebu tufikirie mpimaji na mthamini wanaofika katika kijiji cha Same kwa ajili ya bomba la maji, barabara, au machimbo ya jasi kama yale ya Makanya. Kazi za namna hii si za kubuni. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaotoa maji Bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa mwaka 2025, na bomba la maji halichagui pa kupita kwa kuangalia koo. Fomu ina mstari unaouliza idadi ya makaburi. Mzee anaulizwa: je, hapa kuna makaburi? Chini ya mwamba ule pale yamo mafuvu ya babu zake wa vizazi kadhaa. Lakini hayo si makaburi. Hakuna aliyezikwa pale. Mzee anajibu, kwa Kiswahili fasaha na kwa ukweli mtupu, kwamba hakuna. Karani anaandika sifuri. Kuanzia dakika hiyo mwamba ni mwamba, na wa kulaumiwa si mzee wala karani. Ni neno moja lililowekwa mahali ambapo yalihitajika mawili.

Mtu anaweza kujibu kwamba ziko sheria nyingine. Ni kweli, ila kila moja huyatazama mambo haya kwa dirisha lake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliuweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa kinachohesabika kuwa cha kale. Katika pango la ukoo vyungu vya kabla na baada ya mwaka huo vimekaa bega kwa bega, na wenye navyo hawana habari na mpaka huo. Idara ya misitu nayo ilipowaza juu ya vichaka hivi iliviona kuwa hazina ya miti ya asili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 kuhusu misitu iliyohifadhiwa kwa mila huko Upare Kaskazini na Handeni ulionyesha vizuri jinsi makatazo ya wazee yalivyolinda miti ambayo mahali pengine ilikwisha kukatwa. Hii ni heri kwa miti. Lakini jina la msitu wa jadi likiandikwa katika ramani, kinacholindwa ni mti. Atakayekuja kesho na pendekezo la kupanda miti mingine mahali pake atakuwa hajavunja neno lolote la ramani ile.

Jambo la jina kuamua hatima ya kitu lina mfano mchungu katika pwani ya Kenya. Wamijikenda husimika vigango, nguzo za mbao zilizochongwa, kwa ukumbusho wa wazee wao. Kigango si kaburi, wala hakisimami lazima juu ya kaburi, na mwenye nacho akihama yaweza kuachwa pale pale. Wachuuzi waliviita sanamu. Kwa jina hilo viliibwa kwa wingi, vikauzwa katika maduka ya watalii, na vikavuka bahari mpaka majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya, na vingine vikafuata baadaye. Lau vingaliitwa makaburi, hata mwizi angalisita kidogo. Lakini neno kaburi halikuwahusu, na neno kigango halikujulikana na askari wa forodha.

Hapa nyumbani suala limekuja kwa njia ya mafuvu yenyewe. Wakati wa utawala wa Wajerumani, mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalichukuliwa na kupelekwa Berlin. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia majumba ya makumbusho ya mji huo ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135, mengi yakiwa ya Rwanda, na kiasi cha mia mbili yakiwa ya eneo ambalo leo ni Tanzania. Jamaa za baadhi ya hao walipatikana Kilimanjaro kwa vipimo vya vinasaba. Katika mazungumzo ya kuyarudisha, maandishi ya Kiswahili yamezoea kusema mabaki ya binadamu, na mara nyingine masalia. Tunasema wazi kwamba mabaki ni chaguo baya. Mabaki ni chakula kilichosalia katika sufuria, ni nguo iliyobaki baada ya kukata. Kwa watu ambao fuvu ndilo mzee mwenyewe, mzima katika heshima yake, kumwita mabaki ni kumwambia mjukuu kwamba babu yake ni makombo. Mafuvu na mifupa ya wafu wetu ni maneno mengi zaidi, lakini hayamtukani mtu. Na mafuvu hayo yakirudi, yatawekwa wapi? Kuzikwa kaburini ni jibu moja. Kwa baadhi ya koo lipo jibu jingine, ambalo Kiswahili sanifu hakijalipa jina.

Haifai kutia chumvi. Wapare walio wengi leo ni Waislamu na Wakristo, na kwa vizazi kadhaa sasa wamezikwa wala hawafukuliwi tena. Anayefariki Dar es Salaam hurudishwa milimani, akazikwa katika shamba la ukoo karibu na nyumba ya wazazi, kaburi likasakafiwa na kuandikwa jina. Kwa hao neno kaburi latosha kabisa, na kuwabandika mpungi au mizimu kungekuwa kosa lile lile lililogeuzwa upande. Lakini mahali pa zamani papo. Wazee wanapajua, vijana wengi wanapaogopa bila kujua sababu, na wengine huenda huko kimya kimya mambo yanapokuwa mazito. Mahali pasipo na jina katika lugha ya serikali huwa kama hapapo, hata kama kila mtu kijijini hupapitia mbali.

Basi tufanyeje? Kwa muda tulivutwa na neno maziara. Maana yake ya ndani, mahali panaporudiwa na walio hai, yakaribia desturi ya Upare kuliko neno lolote la Kiswahili. Lakini pana vikwazo viwili. Neno lina harufu ya dini moja, na kulipachika juu ya pango la ukoo ambao nusu yake ni Walutheri au Waadventista kutaleta ubishi usio na faida. Tena ziara kwa watumishi wa leo ni safari ya kiongozi kukagua maendeleo. Mwalimu atakayewaandikia wanafunzi wa Same neno maziara ubaoni asishangae wakiuliza ni Waziri gani anayekuja. Maziara yabaki pwani, na yaheshimiwe huko. Mava nalo, kwa uzuri wake wote, ni jina la kiwanja cha kuzikia, na tatizo letu ni mahali pasipozikwa mtu.

Kuhusu mpungi maoni yetu ni kwamba neno hili lastahili kuingia katika kamusi za Kiswahili kama lilivyoingia kaya la Wamijikenda, ambalo tangu misitu yao ilipowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 limetamkwa kila mahali bila tafsiri. Liingie likiwa na maana yake halisi na eneo lake: mahali patakatifu pa ukoo huko Upare, hasa kaskazini. Lisifanywe jina la jumla la Tanzania nzima, kwa maana Wapare wa kusini wenyewe wanaweza kuwa na jina jingine kwa pango lao, sembuse watu wa mikoa mingine. Mshitu uingie pamoja nalo, na sh yake iachwe.

Kwa tafsiri ya sheria haitoshi kutafuta neno moja. Neno kaburi libaki, kwa sababu ndilo wananchi wanalolijua na ndilo mahakama zimelizoea, ila fasili yake ipanuliwe kwa maneno ya wazi: kaburi ni pamoja na mahali popote ambapo mwili wa mtu, au mifupa yake yoyote, umezikwa au umewekwa kwa makusudi na jamaa zake, iwe ardhini, pangoni, chunguni au katika msitu. Kitenzi wekwa ndicho kinachobeba mzigo wote katika fasili hiyo, na mfasiri akikiacha kwa kuona kwamba kimekwisha kuelezwa na zikwa, atakuwa ameirudisha sifuri ya karani.

Kwa fomu za upimaji na uthamini, ambazo hujazwa kabla ya sheria kuguswa na mtu yeyote, swali liwe hili: je, katika eneo hili ukoo wenu una mahali ulipowazika, ulipowaweka au unapowatembelea wafu wake? Vitenzi vitatu, kila kimoja na mlango wake. Chini ya swali pawepo nafasi ya kuandika jina la mahali hapo kama mwenyeji anavyolitamka kwa lugha yake, bila kulisahihisha. Na swali hilo aulizwe mzee wa ukoo peke yake, si katika mkutano wa kijiji.